Watatu Kati ya Kumi

Mtaani walimwita Bi Kopo, naye hakuwa na kinyongo na jina hilo, kwa sababu kazi yake kweli ilikuwa makopo. Kila asubuhi aliwagawia akina mama waliokuja na watoto wanaokohoa vikopo vidogo vya plastiki vyenye vifuniko vya bluu, akawaambia kwa sauti ya chini kama anayewapa siri ya nyumba, "Akienda haja kubwa, nitilie humu kidogo. Kidogo tu, mama yangu, usijaze." Pamoja na maelezo yote hayo, wapo waliomletea kopo limejaa mpaka kifuniko kinagoma, na bibi mmoja aliwahi kumletea ndoo, maana aliona kopo ni dharau kwa mjukuu wake mwenye tumbo zuri. Bi Kopo aliipokea ndoo kwa mikono miwili, akashukuru, akachota kiasi cha punje ya harage, na kilichobaki akajua mwenyewe pa kukipeleka.

Alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha utafiti kilichobanwa nyuma ya hospitali ya wilaya, kati ya chumba cha kufulia mashuka na stoo ya vitanda vibovu. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vinne, friza mbili na mashine moja ya vipimo, kubwa kama televisheni za zamani. Humo ndimo alimokaa miaka kumi na sita, mwanamke wa maneno machache. Ukimpa sampuli mia moja atakushukuru, lakini ukimpa watu kumi wa kuzungumza nao atatafuta mlango.

Kilichotafutwa ndani ya makopo yale ni kifua kikuu cha watoto. Mtu mzima ukimwambia akohoe ateme, atakohoa na kutema, na makohozi yake yatapimwa. Mtoto wa miaka miwili hatemi, anameza. Basi hospitali ilikuwa na njia moja tu ya kuyafuata hayo makohozi: kumlaza mtoto wodini bila kula tangu jioni, kisha alfajiri kumpitishia mrija puani mpaka tumboni na kuyavuta. Mtoto analia, mama analia, muuguzi anauma meno. Bi Kopo alikwisha kuvishika mikononi mwake vichwa vya watoto wasiohesabika, na hakuna hata kimoja alichokizoea.

Swali la choo lilizaliwa kwa utani. Siku moja wakati wa chai, muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekwisha kustaafu sasa, alisema, "Kama mtoto anayameza, si yatatokea tu upande wa pili?" Wakacheka mpaka wakavunjika mbavu. Kisha Daktari, mkuu wa kituo, akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. Kumbe hata nchi za mbali walikuwepo wanaojiuliza hivyohivyo, ila njia zao zilitaka mitambo ambayo zahanati ya kawaida haina. Bi Kopo na wenzake wakatengeneza yao nyepesi: punje ya choo, dawa ya kuyeyushia, subiri dakika kumi, chukua maji ya juu, tia kwenye mashine. Ili kujua kama inafaa, ilibidi kila mtoto apimwe kwa njia zote mbili, ya mrija na ya kopo, na majibu yalinganishwe. Walihitaji watoto mia sita. Serikali moja ya mbali ikakubali kugharamia.

Walikuwa wamefika mtoto wa mia nne na kumi na mbili barua ilipoingia.

Daktari aliisoma amesimama katikati ya maabara, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi, lakini siku hiyo alisoma kama anayesoma jina la marehemu. Serikali ile ya mbali ilikuwa imebadili sera. Fedha zote za utafiti wa afya nje ya mipaka yake zimesitishwa. Kituo kinapewa siku sitini kufunga hesabu, kurudisha vifaa na kuwaaga wafanyakazi.

"Na watoto?" Bi Kopo aliuliza.

"Watoto hawakutajwa."

"Si tuna mia nne na zaidi, Daktari. Hatuwezi kusema kitu kwa hao?"

Daktari alikunja barua mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama tiketi ya basi. "Tukiishia hapa, Bi Kopo, hatuna jibu. Tuna tetesi."

Habari ya kufungwa haikukaa ndani ya kuta nne. Wiki hiyohiyo alifika mwashi mmoja, baba wa mapacha, nguo zimejaa vumbi la saruji, kofia ya kazi ameishika kifuani. Mmoja wa mapacha wake alikutwa na ugonjwa na alikuwa mwezi wa nne wa dawa. Mwingine alikuwa akifuatiliwa. Hakukaa hata alipoonyeshwa kiti.

"Dada, nimesikia mnafunga."

"Ni kweli, kaka. Fedha zimekatwa."

"Mimi sikuzungumza na fedha. Nilizungumza na wewe." Hakupandisha sauti. "Uliniletea karatasi, ukanisomea, nikatia sahihi kwamba wanangu watakuja kila mwezi bila kukosa. Nawe ukatia sahihi kwamba mtawaangalia mpaka mwisho. Nimeacha kazi siku ngapi kuwaleta hapa? Sehemu yangu nimetimiza. Nimekuja kuulizia yako."

Mwashi akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma Bi Kopo zaidi.

Jumatatu iliyofuata alimfuata muuguzi wa kituo, wakakubaliana bila maneno mengi: mshahara uwepo usiwepo, watoto wote waliokwisha kuandikishwa wataangaliwa. Gari la kituo lilikuwa limeshachukuliwa funguo. Wakagawana mitaa, mmoja upande wa sokoni, mwingine upande wa kiwanda, wakatembea kwa miguu. Kwa wiki tatu Bi Kopo alijua kila kona ya mji ule yenye mbwa mkali. Viatu vilipoisha kisigino, mama yake alimpa vyake, akamwambia vinambana vidole na alitaka kuvitupa, jambo ambalo halikuwa kweli.

Daktari naye hakukaa kimya. Alichimbua sera ya taifa ya utafiti wa afya, kijitabu kizuri chenye picha ya darubini kwenye jalada, kilichopitishwa miaka kumi na moja nyuma. Ukurasa wa ishirini na mbili kiliahidi kwamba sehemu ya bajeti ya afya itatengwa kila mwaka kwa utafiti unaofanywa nchini. Miaka kumi na moja, hakuna aliyetenga kitu. Daktari alipiga nakala ya ukurasa huo, akaandika barua kwa Kamati ya Bunge inayopitia bajeti ya afya, akaisindikiza mwenyewe kwa mkono.

Jibu lilikuja kabla ya wiki mbili. Wamealikwa kujieleza kwa dakika ishirini. Lakini chini ya barua, kwa mkono na kwa wino wa kijani, mwenyekiti wa kamati alikuwa ameongeza maneno yake: *Tumewasikia maprofesa wa kutosha. Nileteeni anayeifanya kazi yenyewe kwa mikono yake.*

Daktari aliusoma mstari ule, akainua macho taratibu, akamtazama Bi Kopo.

"Usinitazame hivyo," alisema Bi Kopo.

"Mimi sijasema neno."

"Daktari, mimi nikisimama mbele ya watu nasahau hata jina la baba yangu."

"Hawatakuuliza jina la baba yako."

Akampa karatasi tano za hotuba, zimechapwa vizuri, zenye majedwali mawili. Jumapili mchana Bi Kopo alizipeleka kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani aliyestaafu kwa jina tu, kwa maana hakuna siku mashine yake ilipolala. Alimwambia akae, asome, na wakati yeye anasoma mama akaendelea kupiga upindo wa shati la shule.

Bi Kopo alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili, wenye maneno kama unyetivu wa kipimo na umahususi wa kipimo. Alipofika wa tatu, cherehani ilinyamaza.

"Umemaliza?"

"Bado, mama. Zimebaki kurasa mbili."

"Mwanangu, nimekuzaa mwenyewe, nimekusomesha kwa sindano hii, na sijaelewa hata neno moja." Mama alivua miwani. "Hebu niambie kama mtu na mama yake. Unachotaka ni nini?"

"Nataka watoto wasiwekewe mrija."

"Ah! Sasa mbona hilo halimo humo?"

"Limo, mama. Ukurasa wa nne."

"Ukurasa wa nne watakuwa wameshalala." Akavaa miwani yake, akauweka mguu kwenye kikanyagio. "Wewe waambie wanachofanyiwa wale watoto. Na uongee na mtu mmoja. Ukiongea na chumba kizima utatetemeka."

Siku ya kamati ilipofika, Bi Kopo alivaa gauni la bluu alilovaa kwenye harusi ya mdogo wake. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu ya nusu duara, vipaza sauti vyenye taa nyekundu, na kiyoyozi kilichomfanya asikie baridi mpaka kwenye ufizi. Wabunge tisa. Pembeni alikaa afisa wa Hazina, bwana mwembamba mwenye miwani iliyokaa ncha ya pua na bunda la karatasi lililojaa alama za kalamu nyekundu. Daktari aliwekwa viti vya nyuma. Katikati ya meza alikaa mwenyekiti, mama wa makamo ya juu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya siasa, na bado aliitazama meza yake kama anayejua nani anatafuna kitu.

Bi Kopo alifungua karatasi, akaanza. "Waheshimiwa, utafiti wetu unahusu upimaji wa kifua kikuu kwa watoto kwa kutumia sampuli za choo..."

"Samahani," mbunge mmoja mnene alidakia, uso umejaa kicheko. "Nielewe vizuri. Hawa wafadhili wamekataa kununua mavi, sasa tuyanunue sisi?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata mwandishi wa kumbukumbu aliinamisha kichwa akitikisika mabega. Bi Kopo alihisi damu ikimpanda usoni, herufi kwenye karatasi zikaanza kuogelea. Akatafuta mtu mmoja, kama alivyoambiwa, na macho yake yakatua kwa mwenyekiti, ambaye peke yake hakucheka.

Akazikunja karatasi za Daktari.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema. "Hivyo ndivyo. Na ukinipa nafasi nitakueleza tunayanunua badala ya nini."

Kicheko kikafifia. Akatoa mkobani mrija, mpya, bado uko kwenye karatasi yake, akaufungua, akaomba upelekwe mezani. Na wakati unapita mkono kwa mkono, akawaeleza. Hakuongeza chumvi. Alieleza saa ambayo mtoto anaamshwa. Alieleza kwamba mmoja anashika kichwa, mmoja anashika mikono, mmoja anasukuma, na mama anaombwa ashike miguu kwa sababu hakuna mtu wa nne. Kwamba watoto wengine mrija unakataa mara ya kwanza, unarudiwa. Kwamba haya yanatakiwa yafanyike asubuhi mbili mfululizo, na akina mama wengi siku ya pili hawapo, wameondoka na watoto wao gizani, na yeye hajawahi kumlaumu hata mmoja wao. Na kwamba haya yote hufanyika hospitali ya wilaya tu. Anayekaa mbali na hospitali hapimwi kabisa.

Mrija ulipomfikia yule mbunge mnene aliupokea kwa vidole viwili, akaupima urefu kwa macho, akaupitisha haraka.

Afisa wa Hazina alisafisha koo. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa na makali. "Mama, nimekusikia, na mimi ni mzazi. Lakini kila wiki nakaa kiti hiki na kila anayekuja ana mtoto anayelia. Dawa hospitalini hazitoshi. Nikikupa wewe, nimnyime nani?"

"Sijui, bwana afisa," alijibu Bi Kopo. "Na sitajifanya najua. Ila nijuacho ni hiki. Leo hii, mtoto akikohoa wiki tatu kule kwenye zahanati, mganga anabahatisha. Akibahatisha ndiyo, mtoto anakunywa dawa kali miezi sita na pengine hana ugonjwa. Akibahatisha siyo, mtoto anapewa ya kikohozi, na baada ya miezi mitatu analetwa kwetu amebebwa. Hizo dawa zote ni fedha zako. Unazilipa sasa hivi. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuandikia kuwa ni za kubahatisha."

Afisa aliandika kitu. Bi Kopo hakuweza kuona kama ni kwa kalamu nyekundu.

"Na kwa nini tusisubiri mfadhili mwingine?" aliuliza mbunge wa upande wa kushoto.

"Anaweza kuja, mheshimiwa. Lakini mfadhili huja na swali lake. Hili la choo tuliliuliza sisi, jikoni petu, kwa sababu sisi ndio tunaoshika vichwa. Anayekuja anaweza kupenda kuuliza jingine, na lenyewe likawa zuri. Hili letu likibaki, nani atalijibu?"

Ndipo mwenyekiti akaegemea kipaza sauti chake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea darasa la watoto sabini.

"Mama, nami nina swali moja tu, nijibu ukweli ulivyo. Hiki kipimo chenu cha kopo, una hakika kinafanya kazi?"

Kule nyuma Daktari alifumba macho. Katika karatasi zile tano alikuwa ameandika *matokeo ya awali yanatia moyo sana*, na Bi Kopo aliyajua maneno hayo kwa moyo.

"Sina hakika," alisema.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Ningekuwa na hakika, mheshimiwa mwenyekiti, nisingekuja kuomba utafiti, ningekuja kuomba makopo. Tumepima watoto mia nne na kumi na wawili. Arobaini kati yao, mrija ulikamata ugonjwa. Kopo limewakamata ishirini na wanane. Yaani saba katika kila kumi. Saba ni wengi, wangetosha kunifurahisha. Lakini watatu kati ya kumi kopo limewaruka, na mimi ndiye niliyesoma majibu yao. Sijui kama kosa ni la kopo, au la dawa ya kuyeyushia, au langu. Nikiwaambia leo tutumie kopo, hao watatu watarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa wazima. Nikiwaambia tuliache, tunarudi kwenye huo mrija. Sitaki kusema lolote kati ya hayo mawili mpaka nijue. Ninachoomba ni nafasi ya kujua."

Akakaa, ingawa hakuna aliyemruhusu kukaa. Mwenyekiti akageukia karani. "Andika maneno hayo kama alivyoyasema. Usiyapige pasi."

Nje kwenye korido Bi Kopo aliegemea ukuta. Daktari alikuja akasimama mbele yake, mikono mfukoni.

"Nimekuharibia," alisema Bi Kopo.

"Miaka thelathini naandika matokeo yanatia moyo," alisema Daktari. "Miaka thelathini! Hakuna hata mtu mmoja aliyetiwa moyo." Akaanza kucheka peke yake, mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka, na Bi Kopo naye, kwa mara ya kwanza tangu barua ile, akashindwa kujizuia.

Uamuzi ulichukua wiki tano, na haukuja kama walivyouota. Kwa mara ya kwanza bajeti ya afya ilikuwa na mstari wa utafiti, mstari mmoja, mwembamba. Kituo kilipewa kidogo kuliko nusu ya walichoomba, kwa miezi kumi na minane. Dereva na makarani wawili hawakurudi. Karani mmoja alifungua kibanda cha simu karibu na stendi na akawa anawapunguzia bei kila wakipita. Friza moja ilichukuliwa na wenyewe. Na kamati iliweka masharti mawili: majibu yatangazwe nchini kwanza, wazi, yawe mazuri au mabaya, na watoto waliobaki wasitoke hospitali ya wilaya tu, watoke pia zahanati za mbali, huko ambako kipimo kitatumika.

Sharti hilo la pili lilimtia Bi Kopo ndita. "Hawa hawajui kazi," alinung'unika akipanga makopo kwenye maboksi. "Zahanati hazina friza. Sampuli zitafika zimechoka. Wameniongezea mzigo halafu wamenipunguzia punda."

"Andika saa, basi," alisema Daktari. "Saa mtoto alipokwenda haja, saa kopo lilipofika. Angalau tujue zimechoka kiasi gani."

Akaandika saa. Lakini kwanza alimwendea mwashi nyumbani kwake, akamkuta anachanganya udongo wa kuziba ufa wa jikoni, akamwambia kituo kinaendelea na pacha wa pili atamaliza ufuatiliaji wake. Mwashi alitikisa kichwa, akasema, "Basi sawa," akaendelea kuchanganya. Kisha, Bi Kopo alipokuwa ameshafika barabarani, alimsikia akimwita mkewe kwa sauti kubwa ambayo mtu huitumia kwa habari njema tu.

Mwezi wa saba wa kazi mpya, akiwa peke yake maabara baada ya chakula cha mchana, Bi Kopo alipanga fomu mezani kufuata saa badala ya majina. Hakuwa anatafuta kitu maalumu, alitaka tu kumwonyesha Daktari jinsi makopo yanavyochelewa. Alizipanga kutoka zilizofika mapema hadi zilizochelewa, akaanza kutia alama pale kopo liliporuka mtoto. Alama ya kwanza ilikuwa mbali mno kushoto, akaikagua, akakuta ni mtoto aliyekuwa ameshaanza dawa. Nyingine zote zilikuwa upande wa kulia, wa makopo yaliyochelewa. Zote. Kopo lililokaa juani au kwenye chumba cha joto zaidi ya saa sita liliruka watoto. Lililofika kabla ya hapo, au lililowekwa kivulini ndani ya mtungi wa maji baridi kama alivyokuwa akifanya mhudumu mmoja wa zahanati kwa akili yake tu, lilikamata karibu wote.

Bi Kopo alizunguka meza akiwa amesimama. Akazunguka tena. Akarudi kwenye fomu za zamani, za wale kumi na wawili waliorukwa, na ingawa zamani saa haikuandikwa, aliwajua wanakotoka: mtaa wa kiwanda, mtaa wa kiwanda, ng'ambo ya mto, mtaa wa kiwanda. Akina mama waliotembea na kopo mkobani asubuhi nzima.

Alikwenda mpaka mlango wa Daktari, akaufungua bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ile. "Ni joto," alisema. "Si kopo. Ni joto." Na akatoka haraka kabla hajaulizwa kama analia.

Walimaliza mtoto wa mia sita mwezi mmoja kabla ya muda. Kwa makopo yaliyowekwa baridi, kati ya kila watoto kumi wenye ugonjwa, tisa walikamatwa. Wa kumi aliwaponyoka, na Daktari alipotangaza majibu ukumbini, mbele ya kamati na waandishi wa habari, alimtaja huyo wa kumi kwanza. Vituo vya nchi mbili jirani viliomba fomu za kituo na vikaanza kuzilinganisha na zao. Wizara ilichukua miezi minane kuandika mwongozo wenye kurasa sita, ambao Bi Kopo alisema ungetosha ukurasa mmoja na nusu. Bajeti iliyofuata, mstari wa utafiti haukufutwa. Afisa wa Hazina, walivyosikia, ndiye aliyeutetea, akauongeza kidogo, na akataka aletewe takwimu za dawa zinazotolewa kwa kubahatisha nchi nzima.

Asubuhi moja simu ya maabara iliita. Ilikuwa zahanati ambayo Bi Kopo hajawahi kufika, ambako hata barabara ya lami haijafika, na mpigaji alikuwa mhudumu wa maabara ambaye hawajawahi kuonana.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa nikitoa jibu la kwanza niwajulishe. Mtoto wa kike, mwaka mmoja na miezi mitano. Mashine imesema ndiyo. Nimerudia mara mbili."

"Marahaba, mwanangu. Kopo lilikaa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Ndani ya maji."

Bi Kopo alivuta daftari, kisha akakumbuka kwamba mtoto huyu si wa utafiti, hana namba, hatakiwi kuandikwa popote kwenye kituo chao. Ni mtoto tu aliyepimwa kwao, na watu wa kwao.

"Na dawa?" aliuliza.

"Ameanza jana. Mama yake aliniuliza mbona hakulazwa wala hakuwekewa kitu puani, akadhani tumemfanyia kipimo cha bei rahisi." Mhudumu alicheka. "Nimwambie nini?"

"Mwambie ni cha bei rahisi," alisema Bi Kopo. "Kisha mwambie amlete kila mwezi bila kukosa."